Jamani, Mbwa Wako Achorwe Kitengela!

Acheni nipige kelele kidogo kwanza, halafu nitatulia tuongee mambo ya karatasi, rangi na pesa. Nimetoka kukiona kioo cha Kitengela kwa macho yangu mwenyewe, na kichwa bado kinazunguka! Miaka yote nimepanda na kushuka barabara ya Namanga nikidhani naijua Kajiado: mbuzi, nyama choma, vumbi la saruji la jirani zetu wa Athi River, na ploti za hamsini kwa mia. Kumbe upande wa pili wa nyika wapo watu wanaoyeyusha vioo chakavu vya madirisha na kuvifufua vikiwa samaki, ndege na mijusi wa rangi zote. Nilisimama mbele ya kidirisha kimoja, jua la asubuhi likipita ndani yake na kumwagika sakafuni, na wazo langu la kwanza lilikuwa moja tu: Bosco!

Bosco ni mbwa wangu. Hana kabila linaloandikwa kwenye cheti. Ni wa kienyeji, wa kahawia, sikio la kushoto limechanika kwenye vita ambavyo hakuvishinda, na ndevu za kidevuni zimeanza kuwa za kijivu. Nilikuwa nimeshaanza kumtafutia msanii wa kumchora kabla hajazeeka zaidi, na nilikuwa nimeona penseli nzuri, rangi nzuri na uongo mwingi. Ila kioo sikuwa nimekifikiria hata siku moja. Ndiyo maana naandika hivi kwa pupa.

Kwanza nikuokoe na safari ya bure. Ukishuka stendi ya Kitengela mjini ukauliza kioo cha Kitengela kiko wapi, utapelekwa kwa fundi wa madirisha ya alumini, na atakuhudumia vizuri tu. Karakana ninayoisema iko mbali na mji, ng'ambo ya nyika, upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Njia ya wengi ni kufuata Magadi Road hadi Ongata Rongai, kisha unakata kuelekea Tuala na kuanza kumeza vumbi. Mvua ikinyesha, uliza hali ya barabara kabla ya kuwasha gari. Udongo mweusi wa huko hauna adabu.

Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alihamia nyika hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa mchoraji wa kuta, akaingia kwenye vioo vya rangi, na mwanawe Anselm baadaye akawasha tanuri la kupuliza kioo. Leo mahali hapo hakuna ukuta uliobaki bila kuguswa. Benchi, vijia, ngazi, kila kitu kimetiwa vipande vya kioo na vigae, na lipo daraja jembamba la kuning'inia juu ya korongo ambalo nililivuka nikiwa nimefumba jicho moja. Wanyama wa vigae na wa vyuma wamesimama kila pembe, na wa kweli wanapita katikati yao bila kushangaa.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini kioo kimeniteka, kwa sababu si urembo peke yake. Kioo huyeyushwa kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kikishapata umbo hakiachwi kipoe chenyewe. Huingizwa kwenye tanuri jingine kipozwe polepole kwa saa nyingi, la sivyo kitapasuka mbele yako. Na rangi yake haikupakwa juu. Imo ndani, ni madini: kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani cha bahari, chuma hutoa kile kijani cha chupa. Kwa hiyo jua haliwezi kuifuta. Wewe unayeishi Kitengela unajua maana ya neno hilo! Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, karibu kabisa na ikweta, na jua letu linapausha pazia, linapausha godoro la kwenye kamba, linampausha hata mwanasiasa kwenye bango kabla hajaapishwa. Kwa picha ya mbwa itakayokaa sebuleni mkabala na dirisha, ni lazima ulifikirie jua hilo kwanza.

Halafu kuna ile kahawia. Ukiishika chupa ya bia juani na kuizungusha taratibu, utamwona Bosco mzima mzima: mgongo ni ile sehemu nzito ya kitako, tumbo ni pale shingoni ambapo mwanga unapita kirahisi na rangi inageuka asali. Hakuna penseli iliyowahi kunipa rangi hiyo.

Kioo kina ukali wake, lakini. Hakiwezi manyoya. Kidirisha cha vioo vya rangi ni vipande vilivyokatwa kimoja kimoja na kushikanishwa kwa mikanda ya risasi, na kila mkanda ni mstari mweusi unaoonekana. Ipo pia aina ya mabamba mazito yanayomegwa kwa nyundo na kufungwa kwa zege, ambayo ni nzuri ajabu ukutani lakini ni ngumu zaidi kwa vitu vidogo kama pua. Mozaiki nayo inakupa vipande vingi zaidi vya kuchezea, ila mwanga haupiti. Kwa vyovyote vile, msanii wa kioo anapaswa kumpunguza mbwa wako hadi abaki yule asiyeweza kupunguzwa tena. Na hapo ndipo utakapojua kama umempata mtu au umempata fundi tu. Muulize hivi: ukipewa vipande ishirini pekee, utabakisha nini cha huyu mnyama? Akianza kukutajia rangi, mshukuru. Akikuuliza husimamaje mgeni anapobisha lango, usimwachie aondoke!

Swali hilo limenibadilisha kabisa. Nimerudi nalo mjini na kuanza kuwatazama upya wasanii wote niliokuwa nimewapitia haraka, na kumbe linafanya kazi kwa penseli, kwa rangi, kwa kila kitu.

Chukua malango. Watu husema Wakenya hawana desturi ya kuchora mbwa, nami nasema tembea mtaa wowote wa Kitengela uhesabu malango yaliyoandikwa MBWA KALI. Hayo ni makumbusho! Kila lango na mbwa wake: wengine wametoa ulimi, wengine meno, wengine wana uso wa mtu aliyekopeshwa akakataa kulipa. Tatizo ni kwamba karibu wote ni mbwa mmoja, yule wa Kijerumani mwenye mgongo mweusi, hata pale ambapo ndani ya boma kuna kijibwa cheupe kinachoogopa kuku. Nilimkuta kijana mmoja akimalizia lango, brashi mkononi, kopo la rangi ya mafuta miguuni.

"Mama, unataka mbwa gani?" akaniuliza. "Nina Jamani Shepadi na nina Rotwaila."

"Nataka wangu."

Nikampa simu. Akaitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaguna. "Huyu, mama, mwizi atamwonea huruma."

"Ndivyo alivyo, kijana wangu."

"Hii sikio ilikuwaje?"

Mnaona? Alilikuta sikio! Katika watu wote niliowaonyesha picha hiyo, yeye wa malango ndiye aliyeanza na sikio. Wengine walianza na ukubwa wa karatasi. Na usidharau rangi za makopo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, juu ya mbao laini za viwandani za mraba, na akafariki mwaka 1972. Miaka minne tu ya kazi, na mpaka leo chui na ndege wa namna ile wanauzwa kutoka Zanzibar hadi viwanja vya ndege vya dunia. Picha ya Bosco ya rangi ya kopo kwenye bati, ikitundikwa nje ya lango badala ya yule Mjerumani wa kukopa, ni kitu ambacho mtaa mzima utakuja kukitazama. Itahimili mvua, na ukichoka na jina la MBWA KALI unaandika jina lake.

Vijana wa penseli ni habari nyingine, na hapa naomba uvumilie kwa sababu nina maneno mengi. Kenya ina vijana wanaochora kwa penseli na kalamu ya wino uso wa mtu ukadhani ni picha ya kamera. Wapo Nairobi, wapo Kitengela, wapo kwenye simu yako ukitafuta kidogo. Ni hodari mno! Lakini wengi wamejifunza kwa nyuso za watu maarufu, na mbwa si mtu mwenye nywele nyingi. Angalia mambo matatu kwenye kazi zake za nyuma. Kwanza pua: pua ya mbwa ni ngozi yenye unyevu na chembechembe, na mchoraji asiyeijua huiweka kitufe cheusi kinachong'aa. Kisha mwelekeo wa manyoya, maana manyoya hayashuki yote kwa upande mmoja; kwenye daraja la pua huwa mafupi na hurudi nyuma, kifuani hukutana na kufanya mzunguko. Na mwisho macho. Jicho la mbwa halionyeshi weupe mwingi. Mchoraji wa watu huuongeza weupe huo bila kujua, na ghafla Bosco anakutazama kama mjomba wako anayedai mahari.

Mbwa mweusi au paka mweusi ndio mtihani wa mwisho. Ukiwa naye, usimchague msanii yeyote kabla hujaona mnyama mweusi aliyemchora. Asiyejua humjaza giza tupu na kukuachia shimo lenye macho mawili. Anayejua atatafuta buluu ya anga mgongoni na kahawia nyuma ya masikio, na kama anatumia makaa atafanya kazi kubwa zaidi kwa raba kuliko kwa makaa yenyewe, akifuta ili mwanga utokee.

Na kalamu ya wino ya kawaida, hii ya dukani? Naipenda, michoro yake inavutia sana, lakini wino wake hufifia kwenye mwanga. Kwa nyumba zetu za madirisha makubwa ningeiweka kwenye korido yenye kivuli. Penseli ya kawaida haifi kwa jua. Karatasi mbaya ndiyo inayogeuka njano. Omba karatasi isiyo na asidi, omba kioo juu yake, na kioo hicho kisigusane na uso wa mchoro.

Rangi ya mafuta na akriliki sitazikalia sana. Akriliki hukauka kwa saa chache na hustahimili safari ya matatu. Rangi ya mafuta ina kina ambacho akriliki haina, lakini ukiambiwa "njoo Jumamosi ni tayari" nawe uliagiza Jumatatu, jua kuna kitu. Tabaka nene huchukua wiki kukauka, na vanishi ya mwisho kwa kawaida husubiri miezi sita hivi.

Wapiga rangi wa matatu je? Jamani, hao! Anayeishi njia ya Rongai anajua ninachokisema. Sheria za Michuki za mwaka 2004 zilileta mstari wa manjano na tukadhani sanaa imekwisha, lakini ikarudi kwa kishindo na leo gari zima ni nyuso, simba na moshi. Wanachora haraka, wanachora makubwa, na hawaogopi ukuta. Kama una ukuta wa ua wa mita tatu, hao ndio wako. Ila waambie mapema kwamba mbwa hahitaji miwani ya jua wala cheni ya dhahabu. Au labda anahitaji, ni mbwa wako.

Mpaka hapo nilikuwa bado mtu wa mjini anayesifu vitu vya mjini. Ile safari ya kushuka Kajiado ndiyo iliyonivua kiburi chote cha kujiona mjuzi wa picha. Nilikuwa na picha ya dume kwenye simu, mchoro nilioupiga picha kwenye maonyesho, dume jekundu la ng'ombe wa Sahiwal lililochorwa kwa ustadi ambao mimi niliuona hauna doa. Kwenye soko la mifugo la Bissil, mzee mmoja akanisalimu, "Takwenya." Nikaitika, "Iko." Tukaongea bei ya mbuzi, kisha nikamwonyesha. Alitazama muda mrefu, akamwita mwenzake, wakatazama wote.

"Mama, huyu aliyechora ni mtu mzuri," akasema mzee. "Lakini hajakaa na ng'ombe. Nundu imerudi nyuma sana. Na hii miguu ya mbele imebeba nini? Haijabeba kitu."

Haki ya nani, alikuwa sawa! Nundu hukaa juu ya mabega, na katika mchoro ilikuwa imeteleza kuelekea kiunoni. Sikuiona mpaka nilipoonyeshwa, na sasa siwezi kuacha kuiona. Hawa ni watu ambao kwao ng'ombe hutambuliwa kwa mabaka, kwa pembe, kwa alama ya ukoo iliyochomwa ubavuni na mkato wa sikioni, na mchungaji huliona kundi likiingia jioni akajua nani hajarudi bila kuhesabu. Kaunti yenye macho ya namna hii haina sababu ya kukubali picha legelege. Kwa hiyo ushauri wangu, na ninautoa kwa furaha kubwa: kabla hujalipa pesa ya mwisho, mpelekee mchoro mtu anayefuga. Usimwambie ni wa nani. Mwache atazame miguu.

Wachoraji wetu wakubwa wa ng'ombe walikuwa na mguso huo, kila mmoja kwa namna yake. Jak Katarikawe, mzaliwa wa Uganda aliyeishi na kufanya kazi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2018, alianza maisha akiwa dereva, na ng'ombe wake wa rangi za ndoto wana aibu, wana mapenzi, wana uso. Peterson Kamwathi alitumia madume na kondoo kuzungumzia siasa na kura, na bado ukiwatazama wale kondoo unajua aliwahi kuwatazama kweli. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akinakili manyoya.

Ukienda kusini zaidi, chini ya Kilimanjaro, kuna darasa kubwa kuliko yote. Amboseli pia ni Kajiado. Mwaka 1972 Cynthia Moss na Harvey Croze walianzisha utafiti wa ndovu wa huko, na njia waliyotumia kumtambua kila ndovu ilikuwa sikio: ukingo wake, matundu yake, mishipa yake, mahali palipochanika. Wakawapa majina. Yule mama wa ukoo aliyeitwa Echo, aliyefariki mwaka 2009, alijulikana na watu wasiowahi kufika Kenya kwa sababu mtu alichukua taabu ya kumtofautisha na wengine wote. Na sasa sikiliza hili, maana mimi nilipoliunganisha nilipiga meza: Harvey huyo ndiye baba yake Anselm wa tanuri la kioo! Baba anasoma masikio ya ndovu, mama anakata vioo, na nyika ni hiihii moja. Mtu aniambie Bosco na sikio lake hawakupangiwa hapa.

Haya, twende kwenye mambo ya mkono. Mbwa hatakaa akachorwa. David Hockney alipowachora mbwa wake wawili, Stanley na Boodgie, mwaka 1995, ilimbidi aweke turubai na rangi tayari sehemu mbalimbali za nyumba, chini karibu na usawa wao, achore haraka kabla hawajainuka. Mwingereza mwenzake wa karne ya 18, George Stubbs, alikwenda mbali zaidi: alipasua mizoga ya farasi kwa miezi ili ajue msuli upi unashika mfupa upi, na ndiyo maana farasi wake hawajafa mpaka leo. Msanii wako hatafanya hayo, lakini anaweza kuja nyumbani mara moja. Mwalike. Mpe chai. Tazama anamtazama nani, wewe au mbwa. Aliyekuja kwangu, binti mdogo wa penseli, aliketi chini kwenye saruji na kumwacha Bosco amnuse viatu mpaka akachoka, na hakutoa simu mpaka mwisho. Nilitaka kumkumbatia!

Kama msanii yuko mbali, utatuma picha, na hapa wengi huharibu. Piga magoti. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama inampa mbwa kichwa kikubwa na miguu ya panya. Usisogeze simu puani pake, lenzi itaivuta pua. Rudi hatua mbili tatu, kisha kuza. Saa sita mchana Kitengela jua liko utosini na macho yote yanakuwa mashimo, kwa hiyo piga asubuhi au jioni, au kivulini karibu na mlango ulio wazi. Usitumie mwanga wa simu. Nyuma ya jicho la mbwa na paka kuna utando unaorudisha mwanga, na utapata shetani wa kijani. Piga nyingi, za uso, za ubavuni, za akiwa amelala, na moja ya video fupi akitembea. Ukizituma kwa WhatsApp zitume kwa njia ya faili, maana zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa na kupoteza manyoya yote njiani. Kwa mnyama aliyekwisha kufa na amebakiza picha moja yenye ukungu, mwambie msanii ukweli huo mapema, na kioo au rangi pana vitakufaa kuliko penseli, kwa sababu havidai kila unywele.

Pesa. Bei hufuata ukubwa, idadi ya wanyama, aina ya rangi na kama kuna mandhari nyuma, na fremu mara nyingi huwa bei ya pembeni. Lipa nusu mwanzo kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki, na mkubaliane kwa maandishi, hata ya simu, ukubwa, siku ya kumaliza na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei hiyo. Marekebisho yafanyike kwenye rasimu ya penseli. Kwa kioo hili halina mjadala: kabla kipande hakijakatwa huchorwa karatasi ya ukubwa uleule wa kidirisha, mistari yote ya risasi ikiwepo. Ikalie hiyo karatasi. Itundike dirishani siku kadhaa ukipenda. Sikio lililokosewa kwenye karatasi linafutwa. Lililokosewa kwenye kioo linavunjwa.

Na uwe macho na picha za kompyuta. Kuna wanaochukua picha yako, wanaipitisha kwenye programu, wanaichapa kwenye turubai na kuiita rangi ya mafuta. Nilioneshwa moja, ya kupendeza kabisa, mpaka nikagundua mbwa ana masikio mawili mazima! Programu ilikuwa imemtibu Bosco bila kuombwa. Omba picha za kazi ikiwa katikati, pitisha kidole pembezoni mwa turubai usikie kama kuna rangi kweli, na ukitajiwa muda wa nusu saa, aga kwa heshima.

Kwa hiyo uamuzi wangu, kwa sasa, nikiwa bado na homa hii: Bosco kwenye kidirisha cha kioo, kahawia ya chupa, amesimama ubavu akiwa ameinua mguu mmoja wa mbele kama anavyofanya akisikia pikipiki, sikio likiwa limechanika vilevile, juu ya mlango wa jikoni ambako jua huingia asubuhi. Kijana wa malango naye nimempa kazi ya bati, kwa sababu swali lake la sikio lilinilaza nikicheka. Kilichobaki ni paka wa rangi tatu ambaye hataki kupigwa picha na humkimbia kila mgeni. Binti yangu anamtaka wa penseli, mimi namtaka wa mozaiki, na baba yao anauliza kama tumeshalipa bili ya maji.